Shubiri

Mimi fundi cherehani, kazi yangu kupima.
Lakini mbaazi ile sikuipima kwa futi.
Niliipima kwa kiganja, gumba hadi cha mwisho:
shubiri kumi na moja
kutoka pembe ya chumba hadi sahani ya Twalha.

Sahani ni ya bati, ya buluu, imebanduka rangi pahali pamoja,
na pale palipobanduka sharti paelekee mlango.
Wali mweupe, usio nazi.
Hamri, likiwa limefura; lililobonyea hulificha chini ya jamvi.
Miaka mitano kasoro miezi miwili,
na vyakula vyake wavihesabu kwa mkono mmoja
kidole kikabaki.

Bi Mwanahalima wa chumba cha mbele akasema,
"Mwamdekeza. Akiona njaa atakula hata jiwe."
Tulijaribu. Siku mbili.
Hakula jiwe. Hakula chochote.
Usiku wa tatu mamake akampakulia wali mweupe,
akala kwa kwikwi,
nasi tukajifuta macho kwa leso moja, huku pindo, huku pindo.
Kombe nalo lililetwa, limekolea zafarani.
Nani wa kumwambia Twalha anywe kitu cha manjano?

Yule dada wa kliniki, Tononoka, hakusema kubwa.
Kitu kipya kiwekeni mbali, alisema. Kisimkaribie. Kikae tu.
Kisha kisogee kidogo. Akikataa, kirudi.
Basi mbaazi ikakaa, moja, juu ya kifuniko cha chupa,
kila siku mpya,
na Twalha akaitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Upande wa choo sikujua nipime nini.
Choo chetu kiko uani, vyumba sita mlango mmoja,
mlango wa mabati.
Akibanwa, husimama nyuma ya cherehani yangu,
uso umemwiva, kimya, kisha imekwisha,
nami nafua.
Nilidhani aogopa shimo: nikanunua poti, akaivaa kichwani.
Nilidhani aogopa giza: nikaning'iniza taa.
Hata siku moja nimembeba kwenda kumtawaza
nikamwona anaziba masikio
kabla sijausukuma mlango.

Mlango!
Nikatia mafuta ya cherehani kwenye bawaba.
Matone matatu.

Nikamshonea kaptura saba, kitambaa kimoja,
za lastiki, hazina kifungo, mshono umetazama nje.
Nikachora picha kwenye boksi la nyuzi:
kaptura chini, kuchutama, kopo, sabuni.
Akipita huzigusa moja moja
kama mtu avutaye uradi.

Jumanne, adhana ya alasiri haijatoka,
akanivuta kwa upindo wa shati.
Hakusema, Twalha hasemi bado. Alivuta.
Mlango haukulia.
Tukachutama wawili, mimi huku, yeye kule,
ananitazama magoti.
Na ikaanguka.

Sikupiga kelele, kelele humvunja.
Nilimbonyeza kiganja mara mbili, kama apendavyo.
Nje mtu alikuwa akingoja na ndoo: "Leo mmekaa!"
"Tulikuwa na shughuli," nikajibu,
na sauti yangu siikuijua.

Jumatano akajichafua nyuma ya cherehani kama desturi.
Nikafua.

Wahenga walitupa neno moja kwa mambo mawili:
shubiri ya kupimia,
na shubiri chungu waliyopaka chuchuni
mtoto aachishwe ziwa.
Nazijua zote mbili sasa.
Na ukilitamka neno hilo umechoka, usiku, nguo zimeloweka,
latoka *subiri*.

Wiki ya tisa. Imebaki shubiri moja.
Jana aliinusa.
Akaigusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso wote,
akairudisha juu ya kifuniko, imelowa.
Nikadhani ndiyo basi.
Akainama tena, akaigeuza kwa kidole, taratibu,
mpaka jicho la mbaazi
likaelekea mlango.